Somo: Namna ya kufufua mashambulizi ya pasi ya timu ya chuo inayosuasua

Somo hili linahusu kandanda ya Kimarekani inayochezwa na vyuo nchini Marekani. Nimeliandika kwa ajili ya wenzetu wanaosaidia kufundisha timu ndogo za vyuo huko, wazazi wenye vijana katika timu hizo, na yeyote anayeutazama mchezo huu kila Jumamosi lakini haridhiki na jibu la kwamba kwotabeki, yaani mchezaji anayerusha pasi, hafai. Hoja yangu ni kwamba pasi nyingi zinazoharibika huwa zimekwisha kuharibika kabla mpira haujatoka mkononi mwa kwotabeki, na kwa hiyo timu inayosuasua haiponi kwa kuongezewa mipango mipya ya mashambulizi, bali kwa kupunguziwa mipango na kurudiarudia michache iliyobaki mpaka wachezaji waitekeleze bila kusita.

Hatua ya kwanza: hesabu upya takwimu zako

Katika kandanda ya vyuo, yadi zinazopotea kwotabeki anapoangushwa akiwa bado na mpira huondolewa kwenye hesabu ya mbio, yaani yadi za kukimbia na mpira, ilhali katika ligi ya kulipwa ya NFL huondolewa kwenye hesabu ya pasi ya timu. Kocha wa chuo anayesoma karatasi ya takwimu anaweza basi kudhani kwamba pasi zake ni za wastani na mbio zake ndizo mbovu, kumbe ugonjwa ni mmoja, ila umeandikwa upande wa pili wa karatasi. Tuchukue mfano wa kubuni: timu imerusha pasi 30 na kupata yadi 180, yaani yadi 6 kwa kila pasi, jambo ambalo halitishi sana, lakini kwotabeki ameangushwa mara 5 na kupoteza yadi 35, kwa hiyo mara 35 alizokusudia kupiga pasi zimeleta yadi 145 tu, ambazo ni kama yadi 4.1 kila mara. Hiyo ya pili ndiyo namba ya kweli, na ndiyo utakayoifuatilia msimu mzima.

Baada ya hapo keti na video za mechi, ukiwa na daftari, na uandike sababu ya kila pasi iliyokwama: ulinzi wa laini (wachezaji watano wanaosimama mbele ya kwotabeki kumkinga) ulivunjika, mpokeaji alikosea njia, kwotabeki alichelewa kuamua, alirusha vibaya, mpokeaji aliangusha mpira, au beki alicheza vizuri tu. Usikubali sababu mbili kwa pasi moja; chagua ile iliyotangulia kwa wakati. Pasi iliyorushwa juu ya kichwa cha mpokeaji, huku kwotabeki akiwa anaruka kukwepa mtu aliyepenya, ni kosa la laini. Makocha wengi huiandika kuwa ni kosa la mkono, na kuanzia hapo matibabu yote huwa ya ugonjwa mwingine.

Hatua ya pili: tengeneza ulinzi kabla ya njia za wapokeaji

Watu wa laini ni watano, na ukimbakiza nyuma mkimbiaji, yule ambaye kwa kawaida hupewa mpira akimbie nao, unakuwa na walinzi sita. Mpinzani akituma wavamizi sita, hesabu inatosha. Akituma saba, mmoja atabaki huru bila shaka yoyote, na hakuna ufundi utakaoibadili hesabu hiyo. Swali la msingi ni kama wachezaji wote kumi na mmoja wanajua ni nani atakayebaki huru, na kama kwotabeki anajua ni mpokeaji gani wa kumpa mpira haraka mtu huyo anapokuja. Mpe senta, mtu wa katikati ya laini anayeanzisha mpira, kazi ya kumwonyesha kwa kidole beki wa kati ambaye hesabu ya ulinzi inaanzia kwake, na asiachiliwe kuanzisha mpira kabla wenzake wanne hawajaitikia. Katika mazoezi simamisha kila kitu na umuulize mkimbiaji, kwa sauti, anamlinda kwotabeki dhidi ya nani. Akinyamaza, rudia. Zoezi hili linachosha na halina mvuto wowote kwa watazamaji, lakini sijui njia nyingine ya mkato.

Hatua ya tatu: punguza mipango

Mfano bora ninaoujua ni wa Iowa Wesleyan, chuo kidogo cha mji wa Mount Pleasant, Iowa, ambacho kwa bahati mbaya kilifungwa mwaka 2023. Timu yake ilimaliza msimu wa 1988 bila ushindi hata mmoja. Mwaka 1989 ilichukuliwa na Hal Mumme, ambaye alimleta msaidizi kijana aliyeitwa Mike Leach, na msimu huohuo ikashinda mechi 7. Wawili hao waliazima mawazo mengi kutoka chuo kikuu cha BYU (Brigham Young), ambako LaVell Edwards alikuwa ameshinda ubingwa wa taifa wa mwaka 1984 kwa timu iliyotegemea pasi, kisha wakayachuja mpaka yakabaki machache yanayoweza kufanyiwa mazoezi kila siku. Mfumo wao ulikuja kujulikana kama Air Raid. Watu husifu wingi wa pasi zake, lakini kilichoiokoa timu ile, kwa maoni yangu, ni uchache wa mipango yake.

Mpango ambao ningeuanza na timu yoyote dhaifu ni ule unaoitwa meshi. Mpokeaji mmoja huanzia upande wa kulia na mwenzake upande wa kushoto, wote wakikata uwanja kuelekea upande wa pili katika kina cha kama yadi 6, na wanapopishana katikati huwa karibu kiasi cha kuweza kugusana viganja. Beki anayemkaba mtu wake hapati pa kupita. Hulazimika kuuzunguka msongamano huo, na katika kuuzunguka hupoteza hatua mbili au tatu ambazo hatazipata tena. Wapokeaji wakiona wanakabwa mtu kwa mtu, huendelea kukimbia. Wakiona mabeki wanalinda maeneo, husimama kwenye uwazi wa kwanza na kumgeukia kwotabeki. Wakati huo mkimbiaji hutoka kuelekea pembeni, na mpokeaji wa nje hupanda kuelekea kwenye kona.

Timu changa huuharibu mpango huu kwa njia ileile kila mara: wapokeaji wote wawili huchagua kina chao wenyewe, hugongana, au huachiana nafasi pana mno ambayo beki anapita bila taabu. Dawa yake ni kumteua mmoja awe ndiye anayeweka kina, na mwenzake awe na jukumu la kupita chini yake, kwa karibu, bila kumgusa beki wa mpinzani, kwa sababu kumzuia beki kwa makusudi kabla mpira haujadakwa huleta adhabu. Ongeza mipango mingine mitano au sita ya aina hiyo, ifanye ianzie katika mipangilio tofauti ya wachezaji ili mpinzani aone sura mpya, na uishie hapo. Kocha aliyezoea kitabu kinene ataumia roho, lakini mwache aumie.

Hatua ya nne: funga miguu ya kwotabeki kwenye njia za wapokeaji

Kwotabeki hana nafasi ya kutazama saa, kwa hiyo miguu yake ndiyo saa. Akiupokea mpira akiwa amesimama yadi 5 nyuma ya senta, akarudi hatua tatu, mguu wa nyuma ukitua mpokeaji wa kwanza awe anageuka. Kama hayuko wazi, kwotabeki anasogea mbele kidogo, na msogeo huo unamaanisha kuwa sasa anamtazama wa pili. Msogeo mwingine, wa tatu. Mpangilio huu ukishazoeleka, kocha anaweza kutazama miguu tu na kujua kwotabeki amechelewa wapi, hata bila kumwona mpokeaji. Timu nyingi zinazosuasua huwa na kwotabeki anayefika mwisho wa hatua zake wakati mpokeaji bado ana yadi 4 za kukimbia, au kinyume chake, na kila mmoja humlaumu mwenzake wakati mwenye makosa ni aliyepanga bila kuhesabu.

Hatua ya tano: tumia umbo la uwanja wa vyuo

Uwanja una upana wa futi 160. Vistari vya ndani, ambavyo mpira huwekwa kati yake kabla ya kila jaribio, vimeachana futi 40 katika vyuo, ilhali katika NFL vimeachana futi 18 na nusu. Mpira ukiwa kwenye kistari cha pembeni katika mechi ya vyuo, upande mmoja una futi 60 na mwingine una futi 100. Pasi fupi ya kuelekea mstari wa pembeni upande mpana husafiri hewani umbali mrefu kwa faida ndogo, na beki mwenye mbio huifikia. Pasi hiyohiyo upande mwembamba inaweza kurushwa hata na kijana asiye na mkono wa ajabu. Mweke mpokeaji wako bora peke yake upande mwembamba, na uwatume wapokeaji watatu upande mpana ili wawavute mabeki. Nashangaa kila msimu kuona timu za vyuo zikinakili mipango ya NFL bila kukumbuka kwamba uwanja umechorwa tofauti.

Hatua ya sita: panga mazoezi kwa saa ulizonazo

Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, huvipa vyuo vya madaraja yake mawili ya juu saa 20 tu za shughuli za timu kwa wiki wakati wa msimu, na zisizozidi 4 kwa siku, kwa hiyo kila dakika ambayo mpokeaji amesimama foleni akisubiri zamu ni hasara. Zoezi lenye tija kubwa ni la kuendesha mpango mzima bila mabeki: wapokeaji watano hukimbia njia zao kwa pamoja, na warushaji watano husimama pamoja, kila mmoja akimrushia mpokeaji wake, kisha wanapokezana nafasi. Kama una makwotabeki wawili tu, warushaji wengine wawe makocha wasaidizi. Kwa njia hii kila mpokeaji hudaka mpira kila mara, na hakuna anayejifunza kukimbia kivivu kwa sababu anajua hatapewa.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwotabeki wetu ana mkono wenye nguvu, lakini pasi zinazofika ni chini ya nusu. Je, tumbadilishe?

Jibu: Marahaba. Rudi kwanza kwenye daftari la hatua ya kwanza. Joe Burrow, kwotabeki wa chuo kikuu cha LSU (Louisiana State), alifikisha asilimia 57.8 ya pasi zake mwaka 2018, akiwa na tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la mpinzani) 16 za pasi. Mwaka 2019, mtu yuleyule, katika chuo kilekile, alifikisha asilimia 76.3 akiwa na tachidauni 60, na timu ikashinda mechi zote 15. Katikati ya misimu hiyo alikuja kocha Joe Brady kutoka New Orleans Saints, timu ya NFL, kusimamia pasi pamoja na kocha Steve Ensminger, na wapokeaji wengi zaidi, mkimbiaji akiwemo, wakaanza kutumwa mbele. Ni kweli kwamba Burrow aliwarushia Ja'Marr Chase na Justin Jefferson, ambao hawapatikani kila chuo. Lakini watu husahau kwamba laini ya LSU ndiyo iliyotunukiwa tuzo ya Joe Moore Award mwaka huo kwa kuwa bora nchini. Ukimbadilisha kwotabeki huku laini ikivuja, utamchosha wa pili kama ulivyomchosha wa kwanza.

Swali: Laini yetu ni ya vijana wepesi na wafupi. Hatua ya pili itatufaa kweli?

Jibu: Itawafaa, lakini msiwaombe washikilie kwa muda mrefu. Leach, alipokuwa kocha wa chuo kikuu cha Texas Tech, aliwatenganisha watu wake wa laini kwa nafasi pana kuliko kawaida, na hivyo wavamizi wa pembeni walianza safari yao wakiwa mbali zaidi na kwotabeki. Tumieni pia kanuni ya vyuo inayomruhusu mtu wa laini kuvuka mbele hadi yadi 3 kabla pasi haijarushwa, ambapo NFL huruhusu yadi 1 pekee. Kwa kanuni hiyo laini inazuia kana kwamba ni mbio, kwotabeki anamsoma beki mmoja tu, na beki huyo akisogea kuzuia mbio, mpira unarushwa nyuma yake. Kijana mwepesi anaweza kazi hiyo kuliko kusimama akisukumwa na mtu wa kilo 130.

Swali: Mpwa wangu alicheza raga Nairobi kabla ya kuja kusoma Marekani. Kocha anataka kumfanya mpokeaji. Je, ni busara?

Jibu: Mikono ya kudaka na ujasiri wa kugongwa anavyo tayari. Kigeni kwake ni pasi ya kwenda mbele, ambayo raga inaikataza, pamoja na kukimbia njia yenye kina kilichopimwa bila kubuni. Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga na kujiunga na Indianapolis Colts ya NFL mwaka 2013, aliwekwa upande wa ulinzi, ambako mtu anaweza kuanza kwa kumfuata mwenye mpira. Kwa mpwa wako ningeomba aanzie kwenye njia mbili tu, ile ya meshi ikiwa mojawapo, kwa kuwa akishaudaka mpira mwendoni huko katikati, kinachobaki kinafanana sana na raga.

Swali: Mkurugenzi wa michezo anataka ushahidi wa maendeleo kila mwezi, na anatumia alama rasmi ya ufanisi wa pasi. Tumpe nini?

Jibu: Alama hiyo ya NCAA huzidisha yadi kwa 8.4, pasi zilizofika kwa 100 na tachidauni kwa 330, hupunguza 200 kwa kila pasi iliyonaswa na mpinzani, kisha hugawanya jumla kwa idadi ya pasi zilizorushwa. Haihesabu kabisa kuangushwa kwa kwotabeki, kwa hiyo kijana anayeng'ang'ania mpira mpaka akaangushwa huonekana bora kuliko anayeutupa nje kwa busara. Mpelekeeni alama yake kama alivyoomba, na chini yake mwandike yadi halisi kwa kila mara mlipokusudia kupiga pasi, zikiwa zimeondolewa zile za kuangushwa, pamoja na idadi ya pasi zilizokwama kwa kosa la laini katika daftari lenu. Katika mwezi wa kwanza namba hiyo ya mwisho ndiyo inayopaswa kushuka, hata kama alama yake bado haijapanda.