Kubadilisha mfuko wa choo kwa mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana

Mgonjwa akirudi nyumbani na stoma, yaani sehemu ya utumbo iliyotolewa nje ya tumbo ili choo kipitie hapo, kinachomtesa zaidi huwa si stoma yenyewe bali ngozi inayoizunguka. Choo kikiigusa, ngozi huchubuka na kutoa majimaji, na gundi ya mfuko unaobandikwa juu ya stoma haishiki penye unyevu. Mfuko unavuja, ngozi inazidi kuharibika.

Mwaga choo mfuko ukifika theluthi moja. Ukiachwa ujae, uzito wake unaubandua. Mfuko wa kumwagwa, yaani unaofunguliwa chini, hubadilishwa kila baada ya siku 3 au 4, ila ukivuja au ngozi ikiwasha usingoje. Asubuhi kabla ya chai ni wakati mzuri, maana utumbo umetulia.

Andaa kila kitu kwanza. Bandua taratibu kutoka juu kwenda chini, mkono wa pili ukiibonyeza ngozi. Osha kwa maji ya uvuguvugu matupu: losheni na sabuni zenye mafuta huzuia gundi kushika, na spiriti huunguza. Kausha kwa kugusagusa. Vitone vya damu kwenye kitambaa visikutishe, na stoma haisikii maumivu ikiguswa.

Sasa pima, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Tundu la mfuko lizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Stoma hunywea katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo, kwa hiyo kipimo mlichopewa wodini kitaacha ngozi wazi mwezi ujao. Pima upya kila wiki. Bandika kuanzia chini, kisha funika kwa kiganja dakika moja au mbili. Joto hulainisha gundi.

Stoma ya utumbo mwembamba hutoa choo cha majimaji, na maji na chumvi hupotea haraka. Weka ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, karibu. Mahindi, karanga na nazi huweza kuiziba. Wiki za mwanzo aviache. Choo kikipita lita 1.5 kwa siku, au mkojo ukipungua na kukolea, aende hospitali.

Stoma yenye afya ni nyekundu na yenye unyevu, kama ndani ya shavu. Ikigeuka zambarau au nyeusi, au tumbo likivimba huku anatapika na hakitoki choo wala hewa, msingoje kesho. Vivyo hivyo aliye kwenye kemotherapi, yaani dawa za kuua saratani, akipata homa ya nyuzi 38, hata kama anaonekana mzima.