Pishori kwenye udongo wa chumvi: namna ninavyochovya miche kwenye bakteria

Kila Septemba paa la nyumba ninayopanga Ruai hujaa ndoo za lita 20. Ndani yake naweka udongo mweusi wa huku kwetu, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kung'ang'ania viatu mvua ikinyesha, kisha napanda pishori, ule mpunga wenye harufu nzuri. Mbegu hunitumia shemeji yangu wa Mwea. Shamba lake liko mwisho wa mfereji, maji yanakofika yakiwa machache, na kuna kipande pembeni ambacho jua likiwaka hutoa unga mweupe. Kwenye kipande hicho mpunga ulikuwa unabaki mfupi, ncha za majani zikikauka kama zimechomwa. Ndicho kilichonifanya nianze kuchovya miche kwenye bakteria.

Nianze na jambo linalowapotezea watu pesa: bakteria hawaondoi chumvi. Chumvi huondolewa na maji mazuri yanayopenya udongo na kutokea chini. Bakteria wao hukaa kwenye mzizi na kuusaidia kuvumilia chumvi iliyobaki. Mpunga ukibanwa na chumvi hutengeneza gesi ya ethilini, na gesi hiyo ikizidi, mzizi huacha kurefuka. Baadhi ya bakteria wana kimeng'enya (enzaimu) kinachovunja malighafi ya ethilini kabla haijawa gesi. Wengine hutoa ute unaonasa sodiamu nje ya mzizi. Ndiyo maana nawapeleka mzizini moja kwa moja, siwanyunyizi shambani ovyo.

Pima kwanza. Chukua gramu 20 za udongo mkavu uliopondwa, tia kwenye mililita 100 za maji ya mvua, tikisa mara kadhaa ndani ya saa moja, acha utulie, kisha chovya kile kipima chumvi chenye umbo la kalamu. Kwa udongo mzito kama wetu, zidisha jibu mara 6 upate makadirio. Mpunga huanza kupoteza mavuno chumvi ikipita 3 dS/m (desisiemens kwa mita, kipimo cha chumvi), na kila dS/m moja inayoongezeka juu ya hapo hula takriban asilimia 12 ya mavuno. Ukiwa na shamba, si ndoo, peleka sampuli maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, pale Kabete na uombe wapime sodiamu pia. Sodiamu ikiwa juu, udongo hufunga na maji hayapenyi; hapo utahitaji jasi (gypsum) kabla ya kuosha. Mimi hutoboa ndoo chini na kupitisha maji ya mvua mara tatu au nne. Maji ya visima virefu vya Nairobi mengi yana sodiamu, kwa hiyo usiyatumie kuoshea.

Kisha tafuta pakiti ya bakteria. Soma kama imeandikwa Bacillus, Azospirillum au Pseudomonas, idadi ya bakteria hai kwa gramu, na tarehe ya kuisha. Chanjo ya maharagwe siyo hii: ile ni rizobia, bakteria wa aina nyingine, na kazi yake ni kwenye mizizi ya jamii ya kunde. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua pakiti iliyokuwa imepangwa dirishani, juani, duka likiwa moto kama oveni. Ndoo zilizopata bakteria na zisizopata hazikutofautiana hata kidogo. Siku hizi naomba pakiti ya ndani kivulini, na sizidishi bakteria nyumbani kwa molasi, maana sijui nitakuwa nimefuga nini.

Maji ya bomba yana klorini, nayo huua bakteria. Nayajaza kwenye karai jioni na kuyaacha wazi hadi kesho yake, au natumia ya mvua. Mbegu naziloweka saa 24, navundika zichipue, naziotesha kwenye kitalu. Miche ikifika wiki tatu naing'oa jioni, nasuuza matope taratibu bila kukata vijizizi, kisha nasimamisha vifungu kwenye karai lenye mchanganyiko kwa kipimo cha pakiti. Nusu saa, kivulini. Mizizi hutoka na utando mwepesi wa rangi ya udongo wa mfinyanzi. Naipandikiza papo hapo, kabla utando haujakauka. Dawa yoyote ya shaba naiweka mbali, maana nayo huua bakteria.

Nusu ya ndoo zipandie miche isiyochovywa. Udongo uleule, maji yaleyale, mbolea ileile. Bila hizo hutajua kitu.

Wa Nairobi mjihadhari na baridi. Pishori ikichanua Juni au Julai huku, punje nyingi hubaki tupu, na utalaumu chumvi bure. Ndiyo sababu ya Septemba.

Kuhusu harufu: inatokana hasa na kemikali iitwayo 2-asetili-1-pirolini, ambayo mmea huitengeneza kutokana na prolini, aina ya asidi amino. Chumvi kiasi huweza kuongeza harufu huku ikipunguza punje, kwa hiyo usidanganyike na sufuria inayonukia. Vuna kwa wakati na kausha kivulini, kwani joto kali huipeperusha harufu.

Wiki ya sita huwa nang'oa shina moja kutoka kila upande. Mwaka jana mizizi ya yasiyochovywa ilikuwa mifupi, ya kahawia. Ya upande wa pili ilijaa kiganja, myeupe karibu na ncha. Baada ya mavuno nilipika sufuria mbili, shemeji akaja, nikamfunulia bila kumwambia ipi ni ipi. Hakuweza kuzitofautisha kwa harufu. Alichouliza ni mbona gunia la kushoto, lile la miche iliyochovywa, lilikuwa zito zaidi, na Jumamosi iliyofuata tulikuwa wote kwenye kile kipande cheupe cha Mwea, na karai letu.