Kutengeneza nyasi kavu za ng'ombe wachache viungani mwa Nairobi

Kabla ya kunoa panga, piga hesabu, na uipige kwa kilo. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 hula kwa siku chakula kikavu cha karibu asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12 bila kuhesabu maji yaliyomo. Ukitaka nyasi kavu zibebe nusu ya hiyo, na nepia, mabua na majani mengine yabebe nusu ya pili, mtengee kila ng'ombe kilo 7 za nyasi kavu kwa siku, kwa sababu hata nyasi zilizokauka vizuri hubaki na unyevu kidogo. Kiangazi cha Januari hadi mwisho wa Machi ni siku 90, sawa na kilo 630. Ongeza asilimia 15 ya zile zitakazokanyagwa na kuharibika, ufikie kilo 725 hivi kwa ng'ombe mmoja.

Sasa geuza kilo ziwe marobota. Kwa robota la kilo 15 unahitaji 49. Kwa robota la kilo 10 unahitaji 73. Anayeuza kando ya barabara hukuambia robota ni robota, na ukinunua kwa kuhesabu vichwa utagundua tofauti hiyo katikati ya Machi, ghala likiwa tupu na bei ikiwa juu. Beba mizani ya kuning'iniza. Pima marobota matano ya juu, ya chini na ya katikati ya lori, si lile moja analokuchagulia. Kisha ingiza mkono hadi katikati ya robota: pakiwa na joto au unyevu, liache. Nyasi nzuri zina rangi ya kijani iliyofifia, harufu tamu kidogo na majani mengi kuliko mabua. Za kahawia zenye harufu ya tumbaku ziliungua kwa joto la ndani. Za manjano kama makuti zilikatwa zikiwa zimekomaa mno au zilisahaulika juani. Hizo za mwisho hazina sumu, lakini utakuwa unalipia kujaza tumbo tu.

Wanaokata zao wenyewe wengi hupanda nyasi za Boma Rhodes, na ni chaguo la maana. Bua lake ni jembamba, linakauka haraka, na mmea huchipuka tena baada ya kukatwa kwa miaka kadhaa. Nepia usijaribu kuikausha kwa robota. Bua lake nene hukauka nje likabaki na maji ndani, na hapo ndipo ukungu huanzia. Nepia ifanyie saileji, yaani ikatekate na kuichachusha ikiwa imefungiwa pasipo hewa. Mbegu ya Boma Rhodes ni nyepesi na ndogo sana, kwa hiyo changanya kilo 5 hivi za eka moja na mchanga mkavu ili isipeperuke, itawanye juu ya udongo uliolainishwa vizuri, kisha kokota tawi la miti juu yake. Ukiifukia zaidi ya sentimita 2 haioti. Nunua yenye kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu. Mbegu iliyopukuswa juzi kwa jirani mara nyingi huwa bado imelala, haijawa tayari kuota, na watu huilaumu mvua bure. Kwenye udongo mweusi wa Ruai na Kamulu chimba mitaro kwanza, kwa maana miche midogo haivumilii maji yaliyotuama. Ng'oa magugu mapema, hasa ule mmea wenye harufu kali uitwao mubangi, kwa sababu ng'ombe akiula maziwa hubeba harufu hiyo. Mkato wa kwanza huwa tayari miezi minne hadi mitano baada ya kupanda.

Wakati wa kukata ndio unaoamua ubora wote, na hapo ndipo tamaa huingia. Mkulima anaona nyasi zinaendelea kurefuka, anasubiri zimpe marobota mengi. Kweli anayapata, lakini kuanzia maua yanapofunguka mmea hupeleka nguvu kwenye mbegu, mabua yanakuwa kama kuni na protini inashuka. Kata wakati karibu nusu ya nyasi za shamba zimetoa maua, kabla mbegu hazijakauka. Acha kisiki cha sentimita 5 hadi 10. Ukikwangua hadi udongoni unaua machipukizi, na unabeba vumbi na mavi makavu ndani ya chakula.

Halafu kuna anga la Nairobi. Nyasi za mvua za masika hukomaa Juni, na Juni inafungua mlango wa baridi. Julai upande wa Karen, Dagoretti na Kabete mawingu yanaweza kukaa siku kadhaa, na rasharasha ya asubuhi inatosha kuharibu kazi ya jana. Upande wa mashariki, kuanzia Ruai kwenda Kamulu, ni pakavu na pana joto zaidi, kwa hiyo huko Juni bado inafanyika. Mkato wa mvua za vuli ni rahisi: mwishoni mwa Desemba na Januari jua lipo la kutosha. Fuatilia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, na usikate eneo kubwa kuliko unaloweza kulikusanya ndani ya siku tatu za jua. Kama nyumbani mko watu wawili, robo eka kwa awamu inatosha.

Anza kukata asubuhi umande ukishakauka, saa tatu au saa nne. Mundu hukata safi lakini polepole. Fyekeo ni la haraka, ila hutupa nyasi ovyo na kuzikatakata, kwa hiyo linolewe mara kwa mara. Tandaza nyasi tabaka jembamba palepale zilipokatwa. Saa saba geuza kwa uma. Kabla ya saa kumi na mbili zikusanye kwa reki ziwe matuta marefu au vichuguu vidogo, ili umande uloweshe sehemu ya juu tu. Kesho yake umande ukikauka zitandaze tena na uzigeuze mara mbili. Kwa jua la Januari siku mbili au tatu hutosha. Mvua ikizinyeshea siku ya kwanza zikiwa bado mbichi, hasara ni ndogo. Zikinyeshewa zikiwa karibu kukauka, virutubisho vinasombwa na ukungu unaingia upesi. Wakati wa baridi jenga vitegemeo vya miti mitatu iliyofungwa juu pamoja, uzitundike nyasi pembeni ili upepo upite chini. Ni kazi zaidi, lakini chini hazitakauka.

Geuza kwa upole siku ya mwisho. Majani yakishakauka hupukutika, na yaliyopukutika ndiyo yenye chakula.

Utajuaje kwamba zimekauka? Chukua konzi moja, izungushe kama unayekamua nguo. Zikikunjika bila sauti wala kuvunjika, bado. Zikianza kukatika na vifundo vya bua visitoe maji ukivibonyeza kwa ukucha, zinakaribia. Kuhakikisha, tumia chumvi. Kata nyasi hizo vipande vya sentimita 3 ukizichukua sehemu mbalimbali, hasa chini ya tuta, ujaze nusu ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Ongeza kijiko kimoja cha chumvi ya mezani iliyo kavu kabisa, funga, tikisa dakika mbili, kisha iache itulie. Chumvi ikishikamana mabonge au kung'ang'ania kwenye nyasi, unyevu bado umezidi asilimia 15. Ikimwagika kama ilivyoingia, funga marobota siku hiyohiyo. Kuzidisha jua nako ni hasara, kwa kuwa rangi ya kijani inapotea pamoja na karotini ambayo ng'ombe huigeuza kuwa vitamini A.

Kwa shamba dogo huhitaji trekta. Sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala sakafu, lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45, linafanya kazi ya kutosha. Fundi wa vitanda anaweza kulitengeneza kwa mbao za inchi moja. Mwambie upande wa ndani uwe laini bila vichwa vya misumari. Liweke kwenye ardhi safi. Laza kamba mbili za katani kukata upana wake, kila moja sentimita 20 kutoka mwisho wa sanduku wa upande wake, ncha zikining'inia nje pande zote mbili. Kila kamba iwe na urefu wa mita 2.5, ili ibaki ya kufungia fundo. Jaza nyasi tabaka kwa tabaka. Kila tabaka la kina cha kiganja, ingia ndani ukanyage, na uanze na pembe nne kabla ya katikati. Robota lenye pembe tupu hufumuka likinyanyuliwa. Likijaa, mtu mmoja asimame juu, mwingine avute ncha na kufunga. Kisha inua sanduku, robota libaki chini. Likikanyagwa ipasavyo hufika karibu kilo 20. Likikanyagwa kivivu, 12, na banda linajaa upepo.

Kamba ya plastiki ni rahisi kuliko katani, lakini usiitumie. Kipande chake kikidondoka horini, ng'ombe hakitofautishi na nyasi, na tumboni hakimeng'enywi.

Banda la futi 12 kwa 12 linatosha marobota 49 ukiyapanga hadi futi 5 kwenda juu. Paa lisivuje, na kuta ziwe na mianya ya upepo. Chini weka paleti au magogo, maana sakafu ya saruji nayo hupandisha unyevu. Kagua misumari ya paleti kwanza: msumari au kipande cha waya kikimezwa hukaa kwenye tumbo la pili na kinaweza kutoboa hadi kwenye moyo. Acha nafasi ya futi moja kati ya marobota na ukuta. Usifunike kwa nailoni iliyobana, kwani mvuke utadondokea nyasi zilezile unazozikinga.

Wiki mbili hadi tatu za kwanza ndizo za hatari. Nyasi zilizofungwa zikiwa na unyevu huchachuka ndani, joto hupanda, na ghala linaweza kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Chomeka nondo nyembamba hadi katikati ya mrundo, iache dakika 15, uichomoe na kuishika. Ikiwa ya uvuguvugu, subiri na upime kesho. Ikiwa moto kiasi cha kutoweza kuishikilia, tayarisha maji kwanza, kisha toa marobota nje moja moja na uyafungue. Usipande juu ya mrundo wa moto, maana katikati huweza kuwa pameungua na kubaki shimo.

Kumbadilishia ng'ombe lishe, tumia siku 7 hadi 10 ukipunguza majani mabichi kidogo kidogo. Katakata nyasi kavu kwa sentimita 3 hadi 5. Mashine ikizisaga kuwa kama unga, ng'ombe hacheui vya kutosha na mafuta ya maziwa hushuka. Maji yawepo muda wote: anayekamuliwa akila vikavu anaweza kunywa lita 80 au zaidi kwa siku, na maji yakipungua maziwa hupungua siku hiyohiyo. Nyasi zikiwa za manjano, changanya lita moja ya molasi na lita tatu za maji unyunyizie. Hilo huongeza hamu, haliongezi protini. Ya protini ni mimea ya jamii ya kunde kama lusini, desmodiamu au kaliandra. Kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra huchukua nafasi ya kilo 1 ya chakula cha gunia, na mti wenyewe unaota vizuri kama ua.

Robota lenye ukungu usiliweke horini hata likianikwa upya. Sumu ya ukungu haiondoki kwa jua, na ng'ombe mwenye mimba anaweza kuitupa. Litumie kama mbolea, na unapolifungua jifunge kitambaa puani.

Shamba likishakatwa, mvua ya kwanza ikija mwaga gunia moja la kilo 50 la mbolea ya CAN kwa eka, au samadi iliyooza vizuri. Usiwafungulie ng'ombe walishe machipukizi yakiwa chini ya kimo cha goti, la sivyo mkato unaofuata utachelewa na kuwa haba.