Jinsi ya kunyoosha kingo za blanketi la kroshia na kuziba mishono iliyorukwa

Blanketi la kroshia lililoanza na upana mmoja na kuishia na upana mwingine lisifumuliwe kabla ya kujulikana kilicholipotosha, kwa kuwa kingo huenda kombo kwa sababu mbili tofauti na kila moja ina tiba yake. Litandaze mezani au sakafuni bila kulivuta, pima upana wake chini, katikati na juu, kisha hesabu mishono ya mstari wa kwanza, ya mstari mmoja wa katikati na ya mstari wa mwisho. Ukikuta idadi ni ileile lakini upana umebadilika, basi mkono ndio uliokaza au kulegeza uzi; idadi ikitofautiana, kuna mishono iliyorukwa au iliyoongezwa bila kukusudia.

Hesabu hiyo husomwa kwenye ukingo wa juu wa mstari, mahali ambapo kila mshono huacha nyuzi mbili zenye umbo la herufi V. Kitanzi kilichopo kwenye sindano hakihesabiwi. Kwa blanketi pana, chomeka pini au funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kila baada ya mishono 20, ili hesabu ikikupotea urudi kwenye alama ya karibu badala ya kuanza upya.

Tofauti ya idadi ikijitokeza, tazama kwanza mwanzo na mwisho wa mistari, kwa sababu huko ndiko kosa hujificha mara nyingi. Katika mshono mrefu, yaani ule wa kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuiingiza, cheni 3 za kupandia, yaani vitanzi vitatu vinavyofumwa kimoja baada ya kingine mwanzoni mwa mstari ili kufikia kimo chake, kwa kawaida huhesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Kwa hiyo mshono unaofuata huingia kwenye mshono wa pili wa mstari wa chini, wala si kwenye ule ambao cheni hizo zimesimama juu yake, na mshono wa mwisho huingia juu kabisa ya cheni 3 za mstari uliotangulia. Mfumaji anayesahau kumalizia juu ya cheni hizo hupoteza mshono mmoja kila mstari, na blanketi lake huzidi kuwa jembamba. Anayezihesabu cheni na bado akafuma kwenye mshono wa kwanza huongeza mmoja, nalo huzidi kutanuka. Mshono mfupi, yaani ule usiozungushiwa uzi kwenye sindano kabla ya kuiingiza, una kanuni yake: cheni yake moja ya kupandia kwa kawaida haihesabiwi, hivyo mshono wa kwanza huingia palepale kwenye mshono wa kwanza wa chini.

Wapo wafumaji wasiozihesabu hata cheni za mshono mrefu. Hufuma kwenye mshono wa kwanza na kuziacha cheni mwishoni mwa mstari. Njia hiyo ni sahihi kabisa. Kinacholiharibu blanketi ni kuchanganya kanuni mbili, leo kuzihesabu cheni na kesho kuziacha, na kwa maoni yangu kingo nyingi zilizopinda zimetokana na hilo kuliko na uzi au sindano. Chagua kanuni moja, kisha weka pini kwenye mshono wa kwanza na wa mwisho wa kila mstari hadi macho yako yazoee kuitambua mishono hiyo.

Ikiwa idadi haijabadilika ila ukingo una mianya midogo, cheni 3 ndizo zinazojitenga na mshono wa pili. Badala yake, ukiwa na kitanzi chako kwenye sindano, fuma mshono mfupi kwenye mshono wa kwanza, kisha ingiza sindano katika mguu wa kushoto wa mshono huo, yaani uzi wake uliosimama wima upande wa kushoto, na ufume mshono mfupi mwingine juu yake (anayefuma kwa mkono wa kushoto atumie mguu wa kulia). Miwili hiyo hufikia kimo cha mshono mrefu mmoja na huacha ukingo ulioshikana.

Mshono uliorukwa katikati ya kazi huonekana kama pengo lenye V isiyofumiwa chini yake. Usihofu kwamba utafumuka kuelekea chini, kwa sababu katika kroshia kila mshono hufungwa kabla ya kuanza unaofuata. Ukiwa umepita mistari michache tu, fumua hadi hapo urekebishe. Ukiwa umekwenda mbali, ziba pengo kwa sindano butu ya kushonea yenye tundu pana na uzi uleule wa takriban sentimita 40. Anzia nyuma, acha mkia wa sentimita 15, pitisha sindano chini ya nyuzi zote mbili za V iliyoachwa, panda hadi mishono miwili jirani inapokutana juu, kamata uzi wa nyuma hapo, kisha shuka ulikoanzia. Zungusha uzi kwenye mguu huo mpya mara mbili au tatu hadi unene wake ulingane na miguu ya jirani, bila kuukaza kiasi cha kuvuta mstari wa juu uiname. Mikia ifiche kwa kuipitisha ndani ya mishono ya nyuma, kwenda, kurudi na kwenda tena. Kama idadi ilipungua kwa sababu ya pengo hilo, irudishe katika mstari unaofuata kwa kufuma mishono miwili ndani ya mmoja, mbali na ukingo.

Blanketi lililokwisha na lenye kingo za mawimbi madogo huokolewa na pindo. Zungushia mshono mfupi pande zote: mmoja kwa kila mstari wa mishono mifupi, takriban miwili kwa kila mstari wa mishono mirefu, na mitatu katika kila kona. Ukingo unapoingia ndani, tumia mshono mrefu kujaza bonde. Unapochomoza, ruka mshono mmoja. Pindo likianza kujikunja mawimbi, umeweka mishono mingi mno. Likivuta blanketi, imepungua. Mzunguko wa pili ufumwe kwa mshono wa aina moja. Tofauti ikizidi sentimita 3 au 4, pindo halitaificha, na afadhali kufumua.

Tatizo likiwa ni mkono, ukingo wa chini uliokazwa huzuiwa kwa kufuma cheni za msingi, zile za kuanzia blanketi, kwa sindano iliyo kubwa zaidi, mathalani ya milimita 5.5 au 6 pale kazi yenyewe inapotumia ya 5. Blanketi la sufu hunyooka likiloweshwa, likakamuliwa kwa kufinywa ndani ya taulo na kubanwa kwa pini katika vipimo vyake hadi likauke. Akriliki haishiki umbo vizuri kwa maji pekee; huhitaji mvuke wa pasi iliyoshikwa juu yake bila kuigusa, na ikizidishiwa joto hulegea isirudi tena, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande kidogo kilichofumwa kwa uzi huohuo.