Kukusanya visa vya wafanyakazi ofisi inapobadili mfumo

Chama cha akiba na mikopo kinapohama kutoka leja za karatasi kwenda kwenye kompyuta, ripoti itakuambia akaunti ngapi zimehamishwa. Haitakuambia kwa nini karani bado anaficha daftari la zamani kwenye droo. Hilo utalipata kwenye masimulizi, na njia tunayoipendekeza ni ile ya "badiliko kubwa kuliko yote" (Most Significant Change), aliyoibuni mtaalamu wa tathmini Rick Davies huko Bangladesh miaka ya 1990.

Kila mwezi muulize mfanyakazi swali moja: "Tangu mwezi uliopita, ni badiliko gani kubwa kuliko yote umeliona kazini, na kwa nini umelichagua hilo?" Andika kwa maneno yake mwenyewe, nusu ukurasa hivi: nani, wapi, lini, nini kilitokea. Sababu iandikwe kando. Humo ndimo utakapoona watu wanathamini nini.

Kisha watu 5 hadi 8 wa ngazi tofauti wasome visa kwa sauti na kuchagua kimoja. Wajadiliane kwanza, ndipo wapige kura. Kura ikitangulia, mjadala hufa. Chaguo na sababu zake virudishwe kwa wasimuliaji mapema, la sivyo mwezi ujao watakuletea maneno matupu.

Kosa kubwa ni meneja kumhoji mtu aliye chini yake: ataambulia sifa tu. Atumwe mfanyakazi wa idara nyingine. Omba pia kisa cha jambo lililoharibika, pata ruhusa kabla ya kutaja jina, na kisa kilichochaguliwa kihakikishwe kwa waliokuwapo kabla hakijafika kwenye bodi.