Somo: Ijaribu saruji ya magnesiamu kabla ya kuipeleka kwenye maji na kemikali

Saruji za magnesiamu, zinazotengenezwa kwa unga wa oksidi ya magnesiamu, ziko za aina nyingi. Ile ya Sorel, iliyobuniwa na Mfaransa Stanislas Sorel mwaka 1867, hushikwa na kloraidi ya magnesiamu. Nyingine hushikwa na fosfati. Usipozitofautisha utapaka ya kwanza ndani ya tangi la maji, na tangi litakuumbua.

Hatua ya 1. Mimina vipande vya sentimita 5 kila upande, 15 vya kila aina, na kimoja cha ziada chenye msumari ndani. Vya Sorel viache vikauke hewani siku 28. Usivimwagilie! Mazoea ya saruji ya kawaida ndiyo yanayoviua.

Hatua ya 2. Vipime kwenye mizani, uviandike namba.

Hatua ya 3. Loweka vitatu vitatu kwenye maji safi, maji ya chumvi, salfeti ya magnesiamu na siki. Vitatu vya mwisho vibaki vikavu.

Hatua ya 4. Kila wiki toa, futa, pima, kisha kwaruza kona kwa msumari. Usidanganywe na sura. Kipande cha Sorel kilichokaa kwenye maji safi huweza kuonekana kizima kabisa, ila kona inatoka unga kama chaki: kloraidi imeyeyuka, imebaki hidroksidi isiyo na mshiko. Fosfati kwenye salfeti huwa ngumu kuikwaruza. Kwenye siki zote huliwa, chembe za mchanga zikaanza kuchomoza.

Hatua ya 5. Pasua kile cha ziada kilichomiminwa na msumari ndani. Kwenye Sorel tafuta kutu. Kloraidi haina urafiki na nondo.

MASWALI

Sorel haiwezi kuokolewa?
Asidi ya fosforiki kidogo, karibu asilimia 1 ya uzito wa oksidi, huisaidia sana kwenye maji. Itachelewa kuganda, vumilia.

Mbona huzibia migodi ya chumvi kwa hiyo hiyo Sorel?
Kwa sababu maji ya kule yamejaa kloraidi ya magnesiamu tayari, hivyo saruji haina cha kupoteza. Adui yake ni maji matamu.

Yangu ya fosfati inaganda kwenye ndoo kabla sijamimina.
Tumia oksidi iliyochomwa sana, zaidi ya nyuzi 1500, na uongeze boraksi, chumvi inayochelewesha kuganda. Kanda kidogo kidogo.

Vipande vyangu vya fosfati vimepungua uzito kwenye maji safi.
Huenda fosfati ilizidi, na iliyobaki bila kuungana ndiyo inayotoka. Ongeza oksidi, umimine upya.