SOMO: Kumchagulia mtoto slipingi begi (mfuko wa kulalia) la joto lisilo zito (soma kwanza ndio uulize)

Wakuu salaam. Kila ikikaribia likizo ya mwezi wa sita inbox yangu inajaa swali lile lile, "mkuu tunaenda kupiga kambi na watoto, nichukue slipingi begi gani?", nikimjibu huyu anakuja mwingine na hilo hilo utadhani wametumwa. Sasa naliweka hapa, atakayeniuliza tena namtupia linki. Naongelea watoto wa kama miaka 4 mpaka 12 na kambi za huku kwetu, Lushoto, Ngorongoro, miguuni mwa Meru. Wa Siberia watafute mtaalamu wao.

Hatua ya 1: Unakwenda wapi, mwezi gani

Pwani kama Pangani au Kigamboni hauhitaji begi, shuka linatosha, okoa hela. Ukipanda juu piga hesabu: kila mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu. Usiku wa Julai Dar unacheza kwenye nyuzi 19 au 20. Kambi ya Simba pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro iko kama mita 2,300, toa nyuzi 15 hapo, unabaki na tano. Na bado hujaweka upepo na ule ukungu wa pale unaolowanisha tenti utadhani imenyesha.

Hatua ya 2: Mpime mtoto

Asimame ukutani, pima, ongeza sentimita 20 mpaka 30, hiyo ndio saizi yake. Msinunue la kukulia kama sare ya shule! Begi halitengenezi joto, joto linatoka kwenye mwili wa mtoto na begi linalizuia tu lisitoroke, sasa ukimtumbukiza mtoto wa mita moja na robo kwenye begi la baba yake anakuwa na kazi ya kupasha nafasi tupu usiku kucha na mwili wenyewe ndio huo mdogo. Kama la mkubwa unalo tayari na hutaki kununua, likunje kuanzia miguuni, kunjo lipite chini ya begi, ufunge kamba kwa nje pale miguu inapoishia.

Hatua ya 3: Namba za kwenye lebo

Hapa ndipo nilipochemka kwa hiyo someni taratibu. Nilinunua begi limeandikwa -10 kwa herufi kubwa mbele, nikajua nimemaliza, saa 9 usiku mtoto anagonganisha meno ikabidi nimvute kwangu tukabanana mpaka kukakucha. Asubuhi ndio nasoma vizuri ule mfuko wake, -10 ilikuwa namba ya mwisho kabisa.

Begi lililopimwa kwa kiwango (zamani EN 13537, siku hizi ISO 23537) lina namba tatu. Ya kwanza ni ya kulala kwa raha. Ya pili ni ya mpaka, yaani mwanaume mzima akijikunyata bado analala. Ya tatu ni ya kunusurika, hulali, unasubiri kuche usife kwa baridi, na hata hapo madhara unaweza kupata. Wauzaji wanapenda kuchapa ile ya tatu kwa sababu ndiyo inayovutia macho. Wewe angalia ya kwanza TU.

Sasa balaa lenyewe: hicho kiwango kinapima kwa sanamu lenye vipima joto, na hesabu zake ni za mwanamke na mwanaume wazima. Mabegi ya watoto hayamo kabisa. Kwa hiyo begi la mtoto lenye katuni za dinosa limeandikwa "nyuzi 0", hilo ni neno la mtengenezaji peke yake, linaweza kuwa kweli na linaweza kuwa hadithi. Mimi natoa nyuzi 5 za tahadhari: usiku ukitegemewa kuwa nyuzi 5, natafuta begi ambalo namba yake ya raha ni 0 au chini ya hapo. Begi likiwa na namba moja tu na halisemi ni ya nini, chukulia ni ya kunusurika.

Hatua ya 4: Kilichojazwa ndani

Manyoya ya bata ni mepesi, yanashindilika yakawa kama mkate wa boflo, joto lake usiseme. Tatizo maji. Yakilowa yanagandana na joto kwisha, kukauka ni siku nzima na zaidi. Pamba ya sintetiki ni nzito kidogo na inakula nafasi ila ikilowa bado inashika joto kiasi na inakauka haraka. Kwa mtoto, kwa ukungu wa kwetu, kwa uji unaomwagika na mkojo wa usiku: sintetiki. Ukiona limejazwa pamba ya kawaida, ile ya mto, liache dukani.

Hatua ya 5: Uzito

Mnaenda na gari? Ruka hatua hii. Kama mtoto anabeba mwenyewe, mzigo wake wote usizidi sehemu ya kumi ya uzito wake, ukizidi kidogo basi kidogo kweli. Wa kilo 25 anabeba kilo mbili na nusu, na begi zuri la sintetiki la mtoto lina kama kilo moja. Umeona nafasi iliyobaki ni ya maji na jaketi tu.

Hatua ya 6: Umbo na zipu

Chukua lile pana mabegani jembamba miguuni, lenye kofia. Lile la mstatili kama godoro linapoteza joto shingoni. Zipu iwe na ule utepe mnene wa kuziba upepo kwa ndani, na mtoto AWEZE kuifungua mwenyewe akiwa ndani, gizani. Mjaribishe dukani, muuzaji akinuna anune.

Hatua ya 7: Cha chini

Pamba inayolaliwa inabonyea na ikibonyea haizuii baridi tena, ardhi inanyonya joto mgongoni. Weka matiresi ya sponji ngumu, hata mbili. Begi la bei mbaya juu ya turubai tupu ni hela ya bure.

Hatua ya 8: Alale nalo sebuleni usiku mmoja kabla ya safari.

ONYO: mtoto mchanga haingii kwenye slipingi begi, lenye kofia ndio kabisa. Anaweza kuteleza ndani akakosa hewa. Sijadili hili.

---

MASWALI

kitunguu_swaumu: bei gani mkuu na mnafanya delivari mikoani?

Mwandishi: Siuzi chochote.

mama_pacha_AR: Asante kwa somo. Nina mapacha wa miaka 6, naweza kununua moja la watu wawili wakalala pamoja? Naona kama watapashana joto.

Mwandishi: Swali zuri dada. Kupashana watapashana kweli, shida ya la wawili ni ule uwazi katikati ya shingo mbili, kila mmoja akigeuka baridi inaingia. Bora mawili ya kampuni moja na saizi moja, moja zipu kushoto jingine zipu kulia, hayo mengi yanaungana. Wakitaka kulala pamoja unaunganisha, wakigombana usiku unatenganisha. Pale shingoni jaza kanga moja iliyokunjwa. Na mwaka kesho mmoja akienda kambi ya skauti peke yake ana lake.

Dume_la_Makete: Sisi tumekulia Makete kwenye baridi la kufa mtu, blanketi moja watoto wanne na hatukufa. Watoto wenu mayai.

Mwandishi: Mlilala ndani ya nyumba ya tofali, moto jikoni, watoto wanne kwenye kitanda kimoja. Hizo ni hatua ya 7 na jibu la mama pacha kwa pamoja. Tenti ni kitambaa bro. Nenda kalale nje Makete mwezi wa saba na blanketi moja halafu urudi hapa.

Dume_la_Makete: 😂😂 nimekuelewa

jr_mtaalamu: Si unamvalisha tu jinzi na majaketi mawili anaingia nayo?

Mwandishi: Hapana. Jinzi inashika unyevu na majaketi yakibana begi linajaa, pamba inashindiliwa kwa ndani. Nguo kavu ambazo hakuchezea mchana, soksi kavu, kofia ya mzula. Nguo za jasho ndizo zinazomgandisha.

Wanjiku_hikes: Sasa, niko Nairobi. Huku tunatafuta za mtumba Gikomba na Toi, ziko poa lakini sijui kuangalia. Unapima aje kitu haina lebo?

Mwandishi: Karibu sana, hapa ndio napenda. Mimi zangu nyingi nimeokota Memorial pale Moshi. Kwanza inua begi mbele ya jua, pamba iliyokimbilia kona moja utaona sehemu zinapitisha mwanga, hapo ndipo baridi litapita. Pili lifinye ngumi nzima halafu liachie: zima linajiinua lenyewe taratibu, lililochoka linabaki na bonde la vidole vyako. Tatu papasa kwa ndani kama unatafuta sarafu, ukikuta vibonge ni manyoya yaliyowahi kulowa. Nne zipu, iendeshe mpaka mwisho mara mbili tatu, hasa ile kona ya miguuni. Tano nusa, harufu ya kuvu haitoki kirahisi. Lisilo na lebo lilalie mwenyewe nyumbani dirisha wazi kabla hujampa mtoto, na kumbuka ukisikia baridi wewe basi yeye zaidi.

Wanjiku_hikes: Hiyo ya jua sikuwa najua, asante sana.

fundi_radio: Dogo ana miaka 8, nataka nimpandishe Kilimanjaro kileleni Desemba. Begi gani?

Mwandishi: Chini ya miaka 10 hifadhi hairuhusu kwenda kileleni. Mpeleke matembezi ya siku moja mpaka Mandara, mita 2,720, jioni akalale kitandani.

bi_Zuhura: Samahani kwa swali, wangu wa miaka 5 bado anakojoa usiku. Nimekuwa naogopa kumpeleka.

Mwandishi: Usiombe samahani bi mkubwa, nusu ya waliokaa kimya hapa wana swali hilo hilo. Mtoe akojoe kabla ya kulala na tena wakati wewe unaingia kulala. Ndani ya begi mtandikie shuka jepesi lililoshonwa kama foronya, hilo ndilo litakalolowa kwanza na unalibadilisha gizani bila kugusa begi. Chini ya shuka kipande cha mpira wa kitandani, kiunoni tu, kisimfunike. Maji usimnyime mchana.

Baba_Gift: Naongezea: chupa ngumu ya maji, ile isiyoyeyuka, jaza maji ya moto, funga sana, ivalishe soksi, weka miguuni dakika kumi kabla hajaingia.

Mwandishi: Naunga mkono. Igeuze juu chini kwanza uone kama inavuja.

kasie_wa_tanga: Na kufua je? La kwangu nililipeleka kwa dobi limerudi limekuwa bapa.

Mwandishi: Aliweka maji ya moto au alipiga pasi. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kanyaga kwenye beseni, usisokote, suuza mpaka povu liishe, litandaze juu ya chaga usilianike kwa kulining'iniza. Na nyumbani usilihifadhi limeshindiliwa kwenye kile kimfuko chake, litie kwenye foronya kubwa.

mpya_humu: mkuu mimi naomba tu unitajie ninunue lipi nimechoka kusoma

Mwandishi: Wapi, mwezi gani, mtoto ana urefu gani?

mpya_humu: Lushoto, Desemba, amepima sentimita 118

Mwandishi: Umeona, kumbe umesoma. Lushoto mjini ni kama mita 1,400, Desemba usiku kunabaki kama nyuzi 15 au 16, mkipanda kuelekea Magamba toa tatu nne hivi. Begi la sentimita 140 mpaka 150, sintetiki, namba ya raha 7 mpaka 10, usibebe la barafu atatoka jasho. Na chukua turubai la ziada, Desemba mvua za vuli bado zinaweza kuwakuta.